Clement Ackroyd na Neno la Herufi Nane

Sogeeni, enyi mpendao habari za mashujaa, mtege masikio! Msikieni Clement Ackroyd, simba wa Mtaa wa Kinu, mshika penseli asiyeshindwa, ambaye kila asubuhi saa nne, kwa miaka kumi na mmoja, mvua inyeshe isinyeshe, alisimama penye uzio wake kupigana na fumbo la maneno la gazeti la Kiingereza, bega kwa bega na jirani yake Bi Thwaite, mjane mwenye ulimi wa wembe na kopo la biskuti za tangawizi.

Asubuhi ile, chai haijapoa, Bi Thwaite alitamka maneno yaliyoutikisa uzio.

"Nahamia Leeds kwa binti yangu. Mchana napiga simu nyumba itangazwe kuuzwa."

Penseli ikamponyoka shujaa. Akaiokota, akaitafuna ncha, maana jemadari huyu, aliyeangusha majeshi ya maneno, hakuwahi hata kumwita mwanamke yule kwa jina lake la kwanza.

"Basi tumalize la leo, Bwana Ackroyd. Limebaki moja. 'Sifa ya kitu kinachodumu.' Herufi nane."

"*Enduring*," akanena, sauti ikipepea kama bendera vitani.

"Si ndiyo kusema kitu kirefu? Kama mahubiri ya kasisi wetu?"

"Hasha, Bi Thwaite! Mahubiri ni marefu, lakini hukoma, watu wakaenda kula. Hata mvua yetu haistahili neno hili. Huitwa hivyo amani, au urafiki. Kitu kilichopigwa na miaka kikabaki wima."

"Makubwa! Haya, mwalimu, nipe mfano."

Hapo kunguru wa Yorkshire wote walinyamaza. Shujaa akaitupa penseli kwenye mawaridi, akachomoa kalamu ya wino, silaha aliyoiogopa maisha yake yote kwa kuchelea kukosea, akaziandika herufi nane zisizofutika. Masikio yakamwiva kama nyanya.

"Mavis," akasema. "Mapenzi yangu kwako. Huo ndio mfano."

Na iandikwe, vizazi visome: Jumanne, saa nne na dakika ishirini, uzio wa Mtaa wa Kinu ulitekwa bila tone la damu, ila chai kidogo iliyomwagika.

Bi Thwaite akamsogezea kopo zima la biskuti.

"Clement, mzee mjinga wewe," akasema taratibu. "Miaka yote hii nayajua majibu. Nilikuwa nakuuliza ili usirudi ndani kwako."