Uwanja Ujengwe Nyuma ya Ghala Langu

Jumatatu, 3 Machi

Maisha yamenyooka! Yaani bado kidogo tu yanyooke. Jiji linataka kujenga uwanja mpya wa michezo, na limebakiza sehemu mbili za kuchagua: kule juu kilimani, au huku bondeni kwenye kiwanda cha matofali kilichokufa. Kiwanda hicho kiko nyuma ya ghala langu! Nikichungulia dirisha la nyuma, nakiona chote.

Habari nimeipata kwa kinyozi, nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Sikungoja upande wa pili. Nimekimbia hadi nyumbani kumwambia mke wangu kwamba shida zetu zimekwisha. Mkodishaji wa viti na maturubai anahitaji nini hapa duniani? Watu wengi waliosimama juani. Harusi zimepungua, na hata misibani siku hizi watu wanapita tu. Lakini uwanja! Maelfu ya watu, kila wiki, wote miguu inawauma.

Mke wangu alikuwa anakanda unga wa mikate yake ya kuuza. Akauliza, kwani uwanja huo hauna viti vyake? Nikamwambia uwanja ni uwanja, mahali peupe watu wanakimbizana. Akauliza hayo nimeyasikia kwa nani. Nikamjibu kwamba biashara haitaki maswali mengi. Watu wa mikate hawaoni mbali.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ametoa sharti. Jiko letu halimtoshi tena, na siku nyingi amekuwa akilitamani ghala langu kwa sababu mlango wake unatazama barabara. Mpango huu ukifaulu, hatalitaja ghala maisha yake yote. Ukianguka, viti vinatoka na oveni yake inaingia. Nimekubali mbele ya mama mkwe. Mama mkwe alitikisa kichwa. Nimeihesabu kuwa ni baraka.

Nina adui mmoja. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima unamwita Cheche. Karakana yake iko kilimani, kwa hiyo lazima anataka uwanja uende kwake. Mwenyewe hajasema neno. Hapo ndipo ninapomshuku zaidi, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya kwanza. Nimemwalika diwani wetu twende kilimani kwa miguu, ajionee jinsi kulivyo mbali na kulivyo mwinuko. Nilipanga achoke njiani, aseme mwenyewe kwamba hakuna mpenda michezo atakayepanda huko. Diwani ana kitambi cha heshima. Nilikuwa na hakika.

Mwanzoni nilimwonea huruma. Baada ya kona ya pili nikaanza kujionea huruma mwenyewe. Kumbe Mheshimiwa hupanda kilima hicho kila asubuhi kwa ushauri wa daktari! Alikuwa mbele yangu, anapiga stori za bajeti, mimi nyuma natafuta hewa. Nilikaa juu ya jiwe nikamwambia atangulie, nitamkuta.

Hakunikuta wala sikumkuta. Aliyenikuta ni Cheche, akisukuma mkokoteni wa vyuma chakavu. Amenishusha mtaani nikiwa nimekaa kati ya geti bovu na bomba la maji. Alinipa maji njia nzima na hakucheka hata kidogo. Huyu mtu ni hatari sana.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mapumziko. Miguu haikunjiki. Mke wangu amenikanda kwa mikono ileile ya unga, akaniuliza tena kuhusu viti vya uwanja. Nikajifanya nimelala. Kisha nikachungulia, nikamwona anapima mlango wa ghala kwa kanga. Upana, halafu urefu. Mwanamke huyu hana imani.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mhandisi wa jiji na diwani walikuja kukagua bondeni. Tatizo la bondeni ni moja tu, tope. Pale walipokuwa wakichimba udongo wa matofali pamebaki dimbwi lenye vyura wa kutosha kuunda timu mbili na waamuzi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alfajiri nilimwaga mchanga, juu yake nikatandaza turubai langu la kijani, lile la harusi kubwa. Juu ya turubai nikapanga viti. Ukiangalia kwa mbali, bustani! Wageni walipofika, nikawaketisha na kuanza hotuba niliyoikariri, kwamba eneo hili ni kavu, tambarare na tulivu.

Kila nilivyoongea, mhandisi alizidi kuwa mfupi. Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Nilipofika kwenye neno tulivu, vyura walijibu wote kwa pamoja, na magoti ya mhandisi yalikuwa yamelingana na kidevu chake. Diwani alijaribu kusimama, akasimama na kiti. Tuliwavuta mimi na kinyozi, aliyekuwa amekuja kutazama, mmoja mmoja, viatu vikabaki.

Lakini sijashindwa! Mhandisi, huku akijipangusa, amesema hajawahi kuona viti vinavyozama bila kuvunjika, akaniuliza ni vya nani. Vyangu! Nimemwona akivitazama kwa muda mrefu. Jiji limeshavipenda viti vyangu. Hapa nimekaa mkao wa kula.

Jumapili, 9 Machi

Cheche amekuja kula chakula cha mchana. Nimemtazama usoni nikamwuliza kinagaubaga, anataka uwanja ujengwe wapi? Akasema bondeni. Bondeni! Eti wakijenga kilimani watabomoa karakana yake, na bondeni pana barabara pana na stendi ya mabasi jirani. Uongo mtupu. Mtu gani anakataa neema mlangoni kwake?

Baadaye alinivuta pembeni, akasema shemeji, kuna jambo kuhusu viti ningependa ulijue mapema. Nikamkata kauli. Nikamwambia kila ndege huruka kwa ubawa wake, achomelee vyuma vyake aniachie viti vyangu. Akachukua mkate mwingine, akamtazama dada yake. Dada yake akatazama dari.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa wananchi, ukumbi wa jiji. Nimevaa suti ya harusi yangu, kifungo kimoja kimekataa. Nimesimama nikaongea mpaka mwenyekiti wa kikao akanishukuru mara tatu ili nikae. Halafu akasimama Cheche. Akasema kwa maneno machache kwamba wakazi wa kilimani wanaomba uwanja uende bondeni. Mhandisi akaongeza kwamba lile tope linaisha kwa kuchimba mitaro tu.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Bondeni! Nilimkumbatia kinyozi, nikamkumbatia na bibi mmoja nisiyemjua. Diwani akaniita mbele, akatangaza kwamba hakuna mwananchi aliyeupigania uwanja huu kama mimi. Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi. Nilitokwa na machozi, nasema kweli.

Ndipo wakaleta mfano wa uwanja wenyewe, umechongwa kwa mbao, umewekwa mezani. Mzuri. Una paa. Nikajiuliza paa la nini. Mhandisi akalishika paa, akaliinua kama mtu anayefunua sufuria.

Viti. Ndani mlikuwa na viti. Safu juu ya safu, vidogo vidogo, vimeshikamana na sakafu, vinazunguka pande zote. Mhandisi akaeleza kwamba siku zisizo na michezo wananchi watafanyia humo harusi na mikutano, kwa hiyo hakuna tena haja ya kuhangaika na viti vya kukodi wala maturubai. Watu wakasema aaah! Na mimi nilisema aaah, ila yangu ilitoka peke yake.

Na vyuma vya viti hivyo? Vitachomelewa na mafundi wa hapahapa mjini. Fundi mkuu, Cheche. Alinikuta mlangoni, akasema ndilo jambo alilotaka kuniambia Jumapili.

Jumatano, 12 Machi

Nimejipalia makaa kwa koleo langu mwenyewe. Asubuhi yote nimekaa ghalani, kwenye kiti kimoja kati ya vyote. Vile vya mbao vya mwanzo aliniachia marehemu baba. Alikuwa akivifuta kabla ya kila shughuli, hata msiba wa watu asiowajua. Imeniuma. Sitaki kuandika mengi.

Mke wangu ameniletea chai na mkate wa moto. Hakucheka, hakusema nilikwambia. Ingekuwa afadhali angesema. Ahadi ni deni, nimebeba viti nje mwenyewe. Cheche amekuja na oveni mchana. Ilipita mlangoni bila kugusa popote.

Jumamosi, 22 Machi

Ghala linanukia mikate. Wachimba mitaro wa uwanja wanapanga foleni mlangoni tangu asubuhi, na kesho wanakuja wengine wa kumwaga zege. Wakishanunua wanakaa kwenye viti vyangu pale nje, chini ya turubai la kijani, wanakunywa chai. Wapo wanaosimama kwa kukosa nafasi. Mke wangu ameniambia nivifute vizuri na nitoe vilivyobaki, kwani mwenye pa kuketi hununua mkate wa pili. Amesema tuandike jina langu juu ya mlango pamoja na lake. Nimemshukuru kwa upole. Mawazo madogo, lakini ana moyo mzuri.

Mimi nimeshapata kubwa zaidi. Miavuli! Watu maelfu, kila wiki, na masika yanakuja. Muuza miavuli wa sokoni anahama mji, yuko tayari kunipa stoo yake nzima kwa viti vyangu vyote. Nimeacha vile vya baba tu. Mke wangu ameuliza, hao watu walio chini ya paa watanyeshewa na nini? Nikamwambia biashara haitaki maswali mengi.

Gari la kuchukua viti limefika. Nimetoka kuwaomba wachimba mitaro wanyanyuke.