Seva ya Binti Yako Inajisikiliza Yenyewe

Kwa Kaka yangu, baba wa huyo fundi kompyuta,

Basi simu ilipokatika ndo nilikuwa nafika penyewe. Ulinitumia binti yako anitengenezee ukurasa wa mtandao wa kibanda changu cha kushona, nikashukuru. Sasa nalalamika rasmi, kwa namba, ujue nimekasirika.

1. Ukurasa unaonekana kwenye kompyuta yake tu! Nikifungua kwa simu, patupu. Namuuliza, ananijibu, "Shangazi, seva nimeiweka isikilize mashine hii peke yake. Bado najaribu." Kaka, duka gani hilo linalojiuzia lenyewe?

2. Mama jirani, mteja wangu mkubwa, kasema magauni ya harusi ya bintiye anampa fundi mwenye ukurasa. Nikajitamba, nikamwandikia anwani. Waifai anatumia yetu, neno la siri nilimpa mwenyewe, ujirani ni kufaana. Kila akijaribu, imegoma. Jana kaniuliza mbele za watu, "Vipi fundi, duka lako bado liko tumboni?" Wakacheka hao!

3. Nimemwambia mwanao afungue milango yote. Eti mlango wa seva ni mmoja tu, wa namba elfu nane, ila kuna namba ya anwani ya kubadilisha: akiweka masifuri manne, kila aliye kwenye waifai yetu ataona. Masifuri, Kaka! Hata mimi niliyekimbia shule nayajua. Anasema, "Subiri nisafishe kwanza." Asafishe nini, seva ina vumbi?

4. Mwenye duka nani, mimi au yeye?

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote umwamuru aache uchoyo. Seva isikilize kila mtu, jirani, mpita njia, hata mbuzi akija na simu yake.

Nisalimie wifi na watoto. Pole na mgongo wako.

Ni mimi dada yako mwenye adabu,
Fundi Cherehani

Nyongeza: Kaka, usimwamuru! Nimemlilia mpaka kaweka masifuri. Ndo nakumbuka, aliniambia niandike maneno yoyote ya kujazia chini ya picha, nami nikaandika ya kweli: kwamba mama jirani kila mara namwachia mshono wa kiuno kwa anavyonenepa, halafu anatangaza vitambaa vyangu vinasinyaa. Mpigie binti yako upesi, arudishe seva ijisikilize yenyewe, tena kwa sauti ya chi—

Ngoja, mlango unagongwa. Ni mama jirani, simu mkononi: "Fundi wee! Toka na futi kamba yako, unipime hapa hadharani!"