Daktari Aliyekataa Kuipa Homa Jina

Mashimoni, Kibera
11 Julai 1996

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa mabati, na kwa miaka tisa nimesoma ukurasa wako wa barua bila kukusumbua. Leo nakusumbua kwa sababu ya Daktari Mutiso, mwenye kliniki nyuma ya Soko la Toi. Binti yangu Mercyline, wa miaka sita, ana homa kwa siku ya thelathini na nne. Daktari huyu alimpima, akamtazama mama yake usoni, akasema: "Sijui." Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwingine kote walijua. Duka la dawa la kwanza lilijua ni malaria kabla mtoto hajakaa kwenye benchi. La pili lilijua ni taifodi. La tatu, kwa kuogopa kukosea, lilijua ni zote mbili. Dawa tulimpa zote, na homa ikarudi kila jioni, lakini angalau tulikuwa na jina la kuwatajia majirani.

2. Sasa hatuna. Mama Sella wa mlango wa pili ananiuliza mbele ya watu kwenye kioski cha maji: "Baba Mercy, leo ni gani?" Kanisani, Mzee Wanzala amesimamisha maombi. Aliikemea malaria wiki mbili, taifodi wiki moja, na sasa anasema: "Bwana Khamala, tuletee jina. Tukikemea ovyo tutakemea hata afya." Sioni kosa lake.

3. Badala ya kujibu, daktari anauliza. Amemtaka mke wangu Phanice aandike joto la mtoto asubuhi na jioni katika daftari la shule, kama msoma mita wa stima. Ameulizia kikohozi, panya, safari za Bungoma, na kwa nini mtoto anachechemea. Mtoto amelala mwezi mzima. Mguu utaachaje kuganda?

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Ameulizia maziwa! Nafanya kazi Kawangware kwa Mzee Kihara, mwenye ploti na ng'ombe watatu, na kila jioni mzee hunipa chupa moja ya kumtia mtoto nguvu. Tunampa hivyo hivyo, kwa sababu Mzee Kihara alinionya mwenyewe: "Ukiyachemsha, umeua nguvu yake." Tangu homa ianze tumeongeza kikombe cha pili. Daktari ameamuru yachemshwe, tena akatoa damu ya mtoto ipelekwe maabara mjini. Yaani anamshuku ng'ombe ambaye hajawahi kukanyaga Kibera.

Kwa hivyo naiomba Wizara iwape madaktari orodha ya magonjwa yanayoruhusiwa, yasizidi mawili, ili kila mzazi atoke na lake. Atakayesema "sijui" mara mbili afungiwe kliniki, na daftari lichomwe. Na mtoto ambaye ugonjwa wake haumo kwenye orodha ahesabiwe mzima, arudi shule.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule anayekata barua ndefu.

Ni mimi ninayengoja jina,
Khamala, Baba Mercyline

Baada ya sahihi: Barua hii imekaa mfukoni siku nne nikitafuta stempu. Jana majibu ya maabara yalifika. Ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi. Daktari Mutiso alitusomea polepole, akampa mtoto dawa za wiki sita. Nilimuuliza kile kikombe cha pili kilifanya nini. Alimwomba Phanice daftari, akaandika joto la siku hiyo.

Chupa za Mzee Kihara huenda nyumba nyingine sita, na leo nimeona mjukuu wake akichechemea uani. Kwa hiyo barua ichapishe, tena upesi. Ila kila ninapomlalamikia Mutiso, weka jina langu.