Shule ya Ghorofa Nne ya Akweteman

(Hotuba ya Mheshimiwa Dakta Nii Okaidja Quarshie-Bruce, Mkuu wa Manispaa mpya ya Akweteman Magharibi, aliyoitoa Jumatano asubuhi kwenye uwanja ilipokuwa shule ya mtaa mpaka ilipobomolewa mwezi wa Aprili. Nyuma ya meza kuu lilitundikwa bango lenye picha ya jengo la ghorofa nne.)

Moja, mbili. Kinasikika huko nyuma? Kinasikika. Mtukufu Nii Mantse, chifu wetu, na baraza lako lote la wazee wenye kiti na wasio na kiti, Mama Malkia wa Akweteman, Mheshimiwa Mwakilishi wa Waziri, ambaye hakuweza kufika lakini gari lake tunaliona, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye amefika, Afisa Elimu, makasisi, maimamu na Baba Nabii, malkia wa soko la nyanya, malkia wa soko la samaki wa kukaanga, malkia wa soko la pilipili, viongozi wa mafundi cherehani upande wa mashariki na upande wa magharibi, wanahabari, ambao bahasha zao zipo kwa katibu, wazazi, walezi, na wale wote ambao vyeo vyao ni vikubwa kuliko muda wetu: itifaki imezingatiwa.

(Sauti ya mwanamke: “Na vitunguu?” Ni Awo Korkoi, malkia wa soko la vitunguu, aliyekaa mstari wa mbele na kitenge chake cha sherehe. “Au siku hizi supu mnapika bila vitunguu, Nii?” Vicheko.)

Awo, mama yangu, usinikasirikie, karatasi hii imechapwa na vijana. Nitakupa heshima yako kabla sijashuka hapa. Nimeahidi mbele ya watu. Tswa, omanye aba!

(“Hiao!” Watu wote waliitikia, hata waliokuwa wamenuna, kwa sababu hiyo ni baraka, na hakuna aliyezaliwa Akweteman anayeiacha ikaning’inia hewani.)

Ahsanteni kwa kuunga mkono. Afisa, andika: wananchi wameunga mkono kwa asilimia mia moja. Sasa, ndugu wananchi, kwa nini tuko hapa? Tuko hapa kwa sababu serikali, kwa kuzingatia dira ya maendeleo jumuishi, endelevu, shirikishi na yenye kupimika, iliona kwamba mtaa mmoja wa Akweteman hauwezi kuhudumiwa kwa ufanisi ukiwa mmoja, na hivyo, baada ya upembuzi yakinifu uliochukua alasiri nzima, ikaugawa katika manispaa mbili, Mashariki na Magharibi, na mpaka ukapitishwa katika mfereji wa maji machafu, ambao wataalamu waliuona kuwa ndio mstari ulionyooka kuliko yote iliyokwishachimbwa. Kabla ya hapo tulikuwa na mkuu mmoja. Leo tuna wakuu wawili, magari mawili, na bendera mbili. Nani anaweza kusema hatukui?

(“Jiko langu liko Mashariki na kitanda kiko Magharibi!” akapiga kelele mwanamume mmoja. “Nikipika napewa pasipoti?”)

Ndugu yangu, swali lako ni zuri na limetazamwa. Sera iko wazi: mtu ni wa manispaa anakolala. Na mtoto vilevile atasoma upande anakolala.

(“Wangu analala kwa bibi yake!” “Wangu halali kabisa!” Vicheko virefu.)

Tulieni. Mgawanyo huu umeleta matunda. Msongamano wa wanafunzi madarasani, ambao mwaka jana ulikuwa watoto sabini kwa chumba, leo katika uwanja huu ni sifuri.

(“Si mlivunja vyumba!”)

Ni sifuri, dada yangu. Takwimu haina haja ya kugombana. Utoro pia umeshuka mpaka sifuri, kwani mtoto hawezi kutoroka mahali ambapo hapapo. Na hapa ndipo ninapotaka kuitaja shule yetu ya zamani, iliyosimama juu ya mfereji kwa miaka sitini na tatu, mlango mmoja ukitazama Mashariki na mwingine Magharibi, jambo ambalo kiutawala lilikuwa fedheha. Tuliiondoa ili kupisha Kitovu cha Kisasa cha Maduka. Mkuu mwenzangu wa Mashariki akaifuta kwenye orodha yake, kwa sababu imevunjwa; na mimi sikuiingiza kwenye orodha yangu, kwa sababu hiyo hiyo. Huu ndio unaoitwa uratibu.

(Madam Amerley, mwalimu mkuu wa shule hiyo iliyovunjwa, akasimama na bahasha mkononi. “Mheshimiwa, samahani. Nina watoto thelathini na wanane wa darasa la mwisho. Usajili wa mtihani wa taifa unafungwa Ijumaa. Mashariki wanasema si wao, Magharibi mnasema si wenu. Bila jina la shule hawaandikishwi, na mwaka wao umekwenda. Nimefika ofisini kwako mara nane.”)

Madam, keti, keti kwanza. Nimekusikia, na kilio chako kiko ukurasa wa kumi na moja. Sasa niko ukurasa wa nne. Tusirukeruke. Ukurasa wa nne unasema tusimame kwa dakika moja kumkumbuka mwalimu mkuu aliyetangulia, aliyefariki mwezi wa Februari, marehemu Mwalimu Larbi.

(“Laryea!” umati ukasahihisha.)

Laryea. Tusimame.

(Watu walisimama. Mahali fulani mama mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba mfuko wa shati la Mwalimu Laryea ulikuwa mweupe siku zote kwa vipande vya chaki, na kwamba siku za mvua alisimama kwenye daraja la mfereji na kuwavusha wadogo mmoja mmoja mgongoni, bila kuwauliza wanalala upande gani. Zilipita sekunde kumi na nne.)

Ahsanteni, mnaweza kukaa, muda wetu ni finyu.

(Watu walikaa. Madam Amerley, mjane wake, alibaki amesimama mpaka dakika ilipotimia, kisha akakaa.)

Naendelea. Utambulisho wa jamii. Wako watu wanaosema kwamba tumeugawa mtaa, tumegawa ngoma, tumegawa hata sikukuu ya Homowo. Si kweli. Sikukuu hatukuigawa, tumeipangia ratiba. Mashariki watanyunyiza unga wao wa mavuno Jumamosi, Magharibi Jumanne, na mizimu ya mababu imepewa taarifa kwa barua. Kuhusu bendera ya zamani ya vijana wa mtaa, ile yenye kaa mwekundu, kamati yangu imependekeza Mashariki wachukue miguu na Magharibi tubaki na mwili.

(Zogo. “Mguse huyo kaa uone!” Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa tena, akaivua.)

Tuache hilo, ni pendekezo tu, lipo kwenye hatua ya kupendekezwa. Twende kwenye furaha. Geukeni mtazame bango. Ndugu wananchi, hiyo mnayoiona ni Shule ya Kisasa ya Akweteman Magharibi! Ghorofa nne! Madarasa ishirini na manne, maabara tatu, maktaba yenye vitabu vya pande zote mbili, na lifti kwa ajili ya walimu wenye magoti! Nasimama hapa, mimi Okaidja, mtoto wa muuza komi, madonge ya unga wa mahindi, wa mtaa huu huu, niliyekula komi bila samaki ili ninyi mle na samaki, na natamka rasmi, mbele ya kamera, kwamba shule hii kuanzia leo IMEFUNGULIWA!

(Makofi ya meza kuu. Umati uligeuka kulitazama bango, kisha uwanja, kisha bango. “Imefunguliwa wapi?” “Labda ni ya kukunja.” “Mbona pale mlangoni kuna theluji?”)

Hiyo si theluji, ni mwanga. Nasema imefunguliwa, na imekwishaingia katika taarifa ya robo mwaka niliyoipeleka wizarani, kwa hiyo asiyeiona atazame taarifa. Na sasa, kwa kuwa mimi ni mtu wa ahadi, namkaribisha mama yangu, malkia wa vitunguu, aje atoe baraka. Awo, kipaza sauti hiki. Kwa ufupi, tafadhali.

(Awo Korkoi alipanda jukwaani polepole. Alimwaga maji kidogo chini kutoka kwenye kikombe, akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika kuku wa kuuza.)

(“Tswa, tswa, tswa, omanye aba!” “Hiao!” “Amani ije Mashariki!” “Hiao!” “Amani ije Magharibi!” “Hiao!” “Aliyetangulia mwezi wa Februari apumzike, chaki yake isimwangukie!” “Hiao!” “Mwanangu Okaidja amesema leo shule imefunguliwa. Neno lake lisirudi tumboni!” “Hiao!” Mheshimiwa naye aliitikia kwa nguvu, macho yakiwa kwenye kamera. “Shule haifunguliwi bila watoto. Watoto thelathini na wanane wa Madam Amerley ndio watoto wake wa kwanza!” “Hiao!” “Na fomu yao anaitia sahihi na muhuri sasa hivi, kabla maji haya hayajakauka!”)

Hiao!

(Awo alikuwa amemsogezea kipaza sauti mdomoni, na sauti ya Mheshimiwa ikatoka peke yake kwenye spika zote nne. Mpiga picha wa televisheni akasogea karibu. Nii Mantse, ambaye hakuwa amesema kitu tangu asubuhi, alitikisa kichwa kukubali, na msemaji wake akatangaza: “Chifu amesikia.”)

Amesikia… Naam. Amesikia. Awo, wewe mama, una… Ahsante kwa baraka ndefu. Basi, kwa kuwa mimi sirudi nyuma kwa neno langu, leteni hiyo fomu. Katibu, muhuri.

(Afisa Elimu aliinama kumnong’oneza: “Mheshimiwa, hii shule bado haina…”)

Haina nini? Mbele ya kamera unaniambia haina? Ina ghorofa nne! Wapi nitie sahihi? Hapa? Na hapa. Na muhuri. Pigeni picha. Upande huu, nina uso mzuri zaidi upande huu. Madam, chukua watoto wako, Serikali imekusikia kabla hata ya ukurasa wa kumi na moja!

(Shangwe za kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nakala ya njano ilibaki mezani. Madam Amerley alitia fomu kwenye bahasha, akampigia Mheshimiwa goti dogo, akaenda barabarani kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Pikipiki ikawashwa.)

Haya. Nakwenda kwenye shukrani, na baada ya hapo kuna vinywaji kwa meza kuu. Napenda kumshukuru mkandarasi, ambaye atapatikana. Nawashukuru wafadhili, ambao mazungumzo nao yataanza pindi watakapojibu barua. Namshukuru mwenye kiwanja hiki, yaani kampuni ya maduka, kwa kutuazima uwanja mpaka saa sita mchana. Nalishukuru jiwe la msingi, ambalo ni la manispaa jirani na linatakiwa huko kesho, hivyo vijana msilikalie. Nawashukuru wachapaji wa bango, na namshukuru yeyote aliyelipiga picha jengo hili zuri katika nchi yake, popote ilipo. Kwa kifupi nawashukuru wote walioufanikisha mradi huu bila tofali hata moja…

(“Kumbe haipo!” “Nii, shule haipo?”)

Nani kasema haipo? Ipo kwenye mpango! Ipo kwenye taarifa! Ipo…

(Afisa Elimu alimsogezea ile nakala ya njano, kidole kikiwa kwenye mstari wa nne.)

Unanionyesha nini? “Jina la shule: Shule ya Kisasa ya Akweteman Magharibi.” Sawa. “Idadi ya watahiniwa: thelathini na wanane.” Sawa. “Hali ya shule: imefunguliwa.” Ndiyo, nimesema. “Mahali watakaposomea na kufanyia mtihani: Ofisi ya Mkuu wa Manispaa, ukumbi wa mikutano, ghorofa ya kwanza, wenye viti…” Hii nani kaandika? “…wenye viti hamsini na feni sita.” Nimesaini hii? Na muhuri ni wangu? Madam! Madam Amerley, hebu rudi mara moja, kuna alama ya mkato nataka kuirekebisha!

(“Kashafika kwenye usajili mkoani huyo!” “Anza masomo Jumatatu, Mheshimiwa!” “Mwanangu anapenda kukaa karibu na feni!”)

Tulieni. Tulieni, nasema. Katibu, Jumatatu nina kikao gani ukumbini? Kikao cha tathmini ya shule. Haya. Ndugu wananchi, kama mnavyoona, serikali yenu haikuishia kwenye maneno. Wakati wengine wanajenga shule mbali na ofisi, mimi nimeileta shule ofisini. Andikeni hivyo, wanahabari. Akweteman Magharibi!

(“Juu!”)

Akweteman Mashariki!

(“Juu zaidi! Na watoto wao kumi na saba wamo kwenye fomu!”)

Wamo kumi na saba? Nimewasajili na wa Mashariki? Basi. Basi, imekwisha. Elimu!

(“Ghorofa ya kwanza!”)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Jumatatu masomo ni saa moja na nusu asubuhi, si saa moja. Na kule ukumbini kuna zulia jipya, tafadhalini, watoto wafute miguu.