Malalamiko ya Mpiga Kura Aliyewakubalia Wote

Tekoriri Baiteke,
Kijiji cha Tabonkaina,
Kaskazini mwa kisiwa.

Kwa Msimamizi wa Uchaguzi,
Kituo cha Serikali,
Kusini mwa kisiwa.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUOMBWA KURA NA NDUGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na makarani wako wote, akiwemo yule mrefu mwenye sauti kubwa, ambaye nitamfikia hapo chini. Mimi si mzima, na kilichonitoa uzima ni uchaguzi wa Bunge uliousimamia juzi.

Nianze kwa kukupongeza. Sheria inayomkataza mgombea kumpa mpiga kura kitu chochote imeshika barabara huku kwetu. Safari hii hatukuona kopo la nyama, wala kiberiti, wala kipande cha tumbaku. Mke wangu, Nei Tangiria, anasema hajapata kuona uchaguzi mkavu namna hii. Lakini waliotunga sheria hiyo walifunga mlango wakaacha dirisha. Walimkataza mgombea kutoa. Hawakumkataza kuomba. Na wewe ni mtu wa Kiribati kama mimi, unajua kipi ni kizito. Nyama ya kopo mtu anaila, anafuta mdomo, kisha anampigia kura amtakaye. Ombi la ndugu, bubuti yetu hii, halifutiki mdomoni. Ndugu akishakuomba kwa bubuti, iwe wavu, iwe nguruwe, iwe shati ulilovaa, huna "hapana" ya kumjibu. Ukiitamka, wajukuu wako watasimangwa nayo.

Basi mimi nimeombwa kura. Nimeombwa na watu watatu, na kura ninayo moja. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipate taabu.

1. Wa kwanza alikuwa Burentau, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuja jioni mikono mitupu kama sheria inavyotaka. Akaketi, akasifu paa langu, akasifu nguruwe wangu. Aliposifu nguruwe, roho iliniruka. Kisha akasema, "Shemeji, tulia. Leo sikuja kuomba cha kuliwa. Naomba kura tu." Nilikuwa nimeshamuaga nguruwe kimoyomoyo, kwa hiyo nilikubali kwa furaha kubwa hata nikamwongeza chai. Hilo ndilo tatizo la kura, Ndugu Msimamizi. Mtu anapoombwa huiona nyepesi kuliko nguruwe.

2. Wa pili alikuwa Nei Maerere, dada yangu wa tumbo moja. Huyu hakuja kwangu. Alikuwa ndani ya shimo lake la magimbi, tope limemfika magotini, nami napita zangu. Akaita bila kuinua kichwa:

"Wewe!"

"Naam, dada."

"Kura yako nakuomba mimi."

"Lakini dada, shemeji Burentau alisha..."

"Burentau ndiye aliyekubeba mgongoni mama alipolazwa Tarawa?"

Nikasema hapana, hakunibeba.

"Haya, pita."

Nikapita. Naomba ofisi yako itambue kwamba dada huyu ndiye aliyenilea. Vilevile, kati ya wagombea wote watatu, ndiye pekee aliyezungumzia visima vyetu kuingia chumvi, na ndiye pekee ambaye waziri akimkunjia uso, yeye humkunjia zaidi. Ningekuwa mtu nisiye na ndugu duniani, ningempigia kura dada yangu bila hata kuombwa. Hili nakuambia wewe tu.

3. Wa tatu alikuwa Kabuati. Ukoo wake na wangu hukaa mahali pamoja ndani ya maneaba, ukumbi wetu wa mikutano kijijini, chini ya nguzo moja, tangu enzi za mababu, bega kwa bega. Huyu ni mjanja. Alisubiri siku ya mkutano, maneaba imejaa, wazee wameshamaliza kukohoa, ndipo akanigeukia kwa sauti ya kuhubiri. "Tekoriri, ndugu yangu wa nguzo moja! Nakuomba kura yako mbele ya watu hawa." Shemeji alikuwepo. Dada alikuwepo. Wote wawili wakaanza kukagua paa. Ningefanyaje? Nilisema ndiyo. Mzee mmoja akasema, "Huyu mtu ana moyo mkubwa." Mama mmoja wa nyuma akadakia, "Moyo anao, kichwa ndicho walichomnyima," na maneaba nzima ikaangua kicheko, mke wangu akiwa miongoni mwao.

4. Siku ya kura ikafika. Usidhani ni mimi peke yangu niliyeombwa na zaidi ya mmoja. Kijiji kizima kiliombwa. Tofauti ni kwamba wenzangu humwitikia kila mtu, humpigia mmoja, kisha hulala usingizi mnono. Mimi siwezi. Nilipewa penseli na karatasi, nikaingia nyuma ya mkeka, nikatimiza ahadi zangu zote. Niliweka tiki kwa Burentau, nikaweka kwa Maerere, nikaweka kwa Kabuati. Na ili tiki zisichanganyikane, pembeni ya kila moja niliandika kwa mwandiko mzuri: shemeji, dada, ndugu wa nguzo. Nikaikunja, nikaitumbukiza, nikatoka nimenyoosha mgongo. Sidhani kama yuko mtu mwingine kisiwani aliyetoka pale hana deni la neno.

5. Sasa nafika kwa karani mrefu. Kura zilihesabiwa palepale katika maneaba, sote tukitazama. Akainua karatasi yangu akasema, "Hii imeharibika." Angeweza kuiweka kando akaendelea na kazi ya watu. La, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa lile koo lake, "Kuna na maandishi. Shemeji. Dada. Ndugu wa nguzo." Ndugu Msimamizi, katika kisiwa hiki yuko mtu mmoja tu ambaye shemeji yake, dada yake na ndugu yake wa nguzo wanagombea kiti kimoja. Siri ya kura iko wapi? Shingo ziligeuka zote pamoja. Na hilo neno "imeharibika" nalipinga kwa nguvu zote. Samaki huharibika. Injini ya mashua huharibika. Karatasi yangu ilikuwa safi, na ilisema kweli mara tatu.

6. Jumapili matokeo ya kisiwa kizima yakatangazwa. Dada yangu alipata nusu kamili ya kura. Sheria, kama ujuavyo, inataka zaidi ya nusu. Kura moja tu ingemfikisha Bungeni. Mimi na wewe tunajua kura hiyo iko wapi. Iko kwenye bahasha yako ya karatasi zilizoharibika, imewabeba na wengine wawili. Kwa sababu hiyo kuna duru ya pili Ijumaa ijayo, dada yangu na shemeji yangu, huku Kabuati akiwa ameanguka. Kila mmoja wa watatu hawa ana uhakika kwamba ni mimi niliyemwangusha.

7. Hali ya nyumbani ni hii. Mke wangu ananipa chai isiyotiwa asali ya mnazi. Anasema imekwisha, na chupa naiona. Kabuati ameanza kuweka kikapu kati ya bega lake na langu ndani ya maneaba. Dada hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Aliniuliza tu, "Yule ni wewe?" Nikamjibu ni mimi. Akasema, "Sawa," akainama kwenye magimbi yake. Nililia njiani kurudi, na sioni haya kuliandika hilo katika barua ya kiserikali.

Kwa kuwa duru ya pili inakuja, ninajua wataniomba upya, dada na Burentau, na safari hii sina wa tatu wa kujifichia. Kwa heshima na taadhima, basi, naiomba ofisi yako itekeleze yafuatayo.

Kwanza, bubuti ya kura ipigwe marufuku. Tangu majina ya wagombea yabandikwe hadi kura zihesabiwe, mgombea yeyote atakayesikika akimwambia ndugu yake "nakuomba" afutwe. Mke wangu amesoma hapa begani kwangu akasema, "Na akitaka kuomba chumvi?" Chumvi aombe, lakini mbele ya polisi.

Pili, hilo likishindikana, asiruhusiwe kugombea mtu mwenye ndugu kisiwani. Najua hapa hatabaki hata mmoja. Basi waletwe wagombea kutoka kisiwa jirani. Nimelifikiria hili pia, nikaona mama mkwe wangu anatoka huko. Kisiwa kinachofuata kilitupatia mchungaji, na mchungaji ametupatia watoto tisa, wote wameoa na kuolewa hapa. Fiji na Tuvalu tuna binamu wasiohesabika. Kwa hiyo watafutwe watu wa nchi yenye baridi kali, ambako hakuna mtu wetu aliyewahi kutamani kwenda. Hata hao wachungwe. Wasile kwetu, kwa sababu mtu akila nyumba moja mara mbili huitwa mwana, na mara ya tatu anaomba redio. Wasiketi katika maneaba. Wasilale kijijini. Ukweli ni kwamba ingefaa wasije kabisa. Mtauliza mbunge asiyekanyaga kisiwani atatuwakilisha vipi. Msiwe na shaka, mbunge aliyepita ametuzoesha.

Tatu, na hili ni la haraka, naomba uniandikie hati kwamba mimi, Tekoriri Baiteke, nimekatazwa kupiga kura siku ya Ijumaa. Sababu chagua mwenyewe. Ukisema nina wazimu, mashahidi wako wengi. Ukisema nimefungwa, niko tayari kuja kufungwa, mradi kuna chai yenye asali. Muhuri uwe mkubwa. Nitamwonyesha dada, nitamwonyesha shemeji, niwaambie, "Mimi nataka, serikali ndiyo imekataa." Serikali ikikataa, hapa hakuna anayeona aibu.

Nisalimie makarani wote, hata yule mrefu, ingawa salamu zake hazitoki moyoni. Msalimie dereva wa lori la halmashauri atakayekuletea barua hii, mkewe, na mama yake ambaye nasikia goti limepona. Wasalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Kijiji kizima cha Tabonkaina kinakusalimu, ingawa sijakiuliza.

Ni mimi raia mtiifu, mwenye ndugu wengi kupita kiasi,

Tekoriri Baiteke

Nyongeza: Lori halijapita, barua bado ninayo, na leo ni Jumatano. Naomba uyafute yote niliyoandika hapo juu.

Hakuna aliyekuja. Burentau alipita jana kuomba kura. Aliingia kwa jirani wa kulia, wakacheka sana humo ndani, akatoka akaingia kwa jirani wa kushoto. Mimi nilikuwa nimekaa nje. Nilikohoa. Akasema, "Habari za leo, shemeji," akaenda zake. Dada amezunguka nyumba zote, hata kwa mama yake Kabuati ambaye hasikii, akamwomba kwa mikono. Kwetu alisimama njiani akamsalimia mke wangu.

Nilimwambia mke wangu labda wanaona nimeshughulika. Akasema, "Umeshughulika na nini? Hawakuombi kwa sababu wamekukatia tamaa." Kisha akaona uso wangu, akanitilia asali kwenye chai, vijiko viwili, nami sikuweza kuinywa. Si kura peke yake. Tangu Jumapili hakuna aliyekuja kuniomba wavu. Baiskeli yangu imeegemea ukuta, haijaondoka hata mara moja. Huko nyuma nilikuwa siioni wiki nzima. Mtu asiyeombwa kitu na ndugu zake, Ndugu Msimamizi, amebakiwa na nini? Hata mgeni huombwa.

Mke wangu amehesabu kwa vidole, akaanza tena, na anasema bibi yako mzaa mama na baba mkwe wangu walinyonya titi moja. Kwa hiyo wewe ni mtoto wetu. Basi mwanangu, ile hati usiniletee, na ile marufuku iache. Nakuomba jambo moja kwa bubuti, na unajua huwezi kukataa. Kabla ya Ijumaa njoo Tabonkaina, mchana, njia ikiwa imejaa watu. Zipite nyumba zote, ingia kwangu, uniombe kitu. Chochote. Ukitaka hiyo baiskeli, ichukue moja kwa moja. Ila omba kwa sauti, dada asikie.