Nukta Arobaini za Malaria Yangu

Jumanne, 4 Machi 2025, Bunda
Mama yake rafiki yangu Wanzagi alizikwa jana Kisorya. Sikwenda! Nilikuwa Musoma, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa mkuu wangu wa shule anayeolewa, maana nautaka ukuu wa taaluma pale shuleni. Wanzagi nilimwambia naumwa malaria. Akanipa pole, yeye mfiwa. Huyu ndiye aliyechimba kaburi la baba yangu, mvua ikimpiga. Roho inaniuma.

Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimechora nukta arobaini: ishirini wa msibani, ishirini wa sendofu. Wanaopigiana simu, mstari. Mistari ikiwa chini ya nusu ya idadi ya nukta, watu hubaki vikundi vidogo vidogo, habari hufia njiani. Ikivuka nusu, ghafla linaibuka kundi moja kubwa linalomeza mengine. Nimehesabu: mistari kumi na saba. Niko salama.

Alhamisi, 6 Machi
Uongo unataka shahidi. Nimemwomba mwalimu Getruda, tuliyekuwa naye Musoma, ampigie Wanzagi aseme sijiwezi. Kumi na nane. Benjamini wa bodaboda, naye wa sendofu, kapeleka sukari yangu ya rambirambi, kampigia Wanzagi kuuliza njia. Kumi na tisa. Huko kapeana namba na Yunis, dada yake Wanzagi. Ishirini. Getruda naye kampigia Yunis kumpa pole. Ishirini na moja! Nani kamtuma?

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja kumwona mgonjwa! Wanzagi, kipara cha msiba, na Yunis kabeba chupa ya uji. Mimi niko uani, nafua shati la sendofu, naimba. Nikaanza kutetemeka kama mwenye homa, nimechelewa. Yunis kanionyesha simu: mimi nacheza, mtandio kiunoni. Picha ya Getruda iliwakuta njiani, Kibara, wangeweza kugeuza. Hawakugeuza.

Wanzagi hakugomba. "Mama alikuwaga anakuulizia wewe. Kila siku, mwalimu anakuja lini."

Yunis akaweka uji chini, wakaondoka. Nimeshindwa kuunywa.

Jumapili, 9 Machi
Nimelia. Mke wangu Matrida anasema nipande gari la Kisorya, nikae chini na wafiwa, niombe radhi. Mstari mmoja tu, anasema, kutoka kwangu hadi kwa Wanzagi. Nimemwambia hajui hesabu.

Kosa nimeliona: nukta zilikuwa chache. Nukta mia zinavumilia mistari arobaini na tisa. Nimemwandikia Wanzagi kwamba yule wa kwenye picha ni mdogo wangu, tunafanana. Sasa natafuta watu sitini wa kusema wanamfahamu.