Mipangilio Ishirini na Nne ya Kufuli la Kwaya

Jumamosi, tarehe kumi na nne. Baridi kali na upepo wa vumbi tangu alfajiri.

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa sauti ya tatu.

Neema wetu alikuwa anafunga ndoa Vwawa, saa nane. Ameimba nasi miaka sita, na alituomba kitu kimoja tu: tumwimbie akiingia kanisani. Sare zote zilikuwa kwenye sanduku la bati, limefungwa kwa kufuli la namba. Mtunza sare, Mama Yona, yuko Kamsamba anavuna mpunga. Simu yake ilishika mara moja tu:

"Ni tatu, nane, moja, sita! Ila mpangilio sina uha..."

Ikakatika.

"Tuvunje," akasema dereva wa Noah, gari lililokuja kutupeleka Vwawa.

"Hakuna kuvunja kitu cha kanisa," nikasema. (Mimi ndiye katibu.) "Namba nne zina mipangilio ishirini na nne tu. Naiandika yote, ndipo tujaribu."

Nikajisikia profesa! (Niliishia darasa la saba. Hesabu nilifanya vizuri. Vizuri kiasi.)

Saa nne nikaanza. Kila mpangilio mpya niliulinganisha na yote iliyo juu yake, nisije nikarudia. Wa pili, nalinganisha mara moja. Wa tatu, mara mbili. Kila nikilinganisha, nachora kijiti pembeni. Mwanzoni raha. Nilipofika wa ishirini, mpangilio mmoja unalinganishwa mara kumi na tisa, na mara nyingi nagundua nilishauandika.

Saa sita na nusu nilikuwa na ishirini na tatu. Vijiti mia mbili hamsini na tatu, bila kuhesabu nilivyotumia kwa ile niliyoikataa. Huo mmoja uliobaki ukagoma kabisa.

"Katibu, si ujaribu hiyo uliyonayo?" akauliza dereva.

"Kazi nusu nusu sifanyi."

(Kwa haki, swali lake lilikuwa zuri. Nimeliona zuri saa hizi.)

Ndipo akainuka Mama Nakamba, muuza maharage, sauti ya kwanza. "Mwanangu, unalinganisha nini? Mimi nina watoto wanne na kitanda kimoja. Kila mtu anataka ukutani. Basi kila usiku nabadilisha wawili wanaolala jirani. Najua jana tulikuwa wapi, inatosha."

"Mama, hii ni hesabu."

"Na wale ni watoto. Lete."

Akapanga tatu, nane, moja, sita. Wapi! Akabadilisha wawili wa mwisho: tatu, nane, sita, moja. Wapi! Akabadilisha wa katikati: tatu, sita, nane, moja.

Tak!

Likafunguka. Mara tatu, bila kijiti hata kimoja.

Ningeponea hapo. Lakini binti mmoja wa sauti ya pili akachukua karatasi yangu, akapitisha kidole.

"Katibu, mbona hii ipo? Mstari wa tatu."

Mstari wa tatu! Niliuandika saa nne na dakika tano, nikaulinganisha mara mbili, nikaendelea na safari. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Dereva aliegemea usukani, honi ikalia yenyewe.

Foleni ya malori nayo haikutuonea huruma. Tunafika Vwawa, sare zinang'aa, maharusi ndio wanatoka. Tukaimba wimbo tuliofanyia mazoezi, hatuna mwingine. Neema akanisogelea, shela likipepea.

"Katibu, mnaniambia 'karibu ingia' na mimi natoka?"

Lakini alikuwa analia na kucheka pamoja, kisha akaimba nasi ubeti wa mwisho. Nitaandika hilo pia, ni haki yake.

Jioni mke wangu ameweka mezani ugali, maharage na majani ya maboga. Habari alishazipata.

"Baba, utaanza na kipi?"

Vitu vitatu, mipangilio sita. Nimenawa nikala.